Daftari, Mizani na Simu: Mageuzi ya Kidijitali Masisi na Walikale

Kila gunia la koltani lililoteremshwa kutoka vilima vya Rubaya, wilayani Masisi, na kila kiroba cha kasiteriti kilichobebwa mgongoni kupita msitu wa Bisie, wilayani Walikale, kimepita katika mikono mingi kabla hakijafika Goma, na karibu kila mkono uliokipokea ulikuwa na hesabu yake na haja yake. Mchimbaji ana hesabu aliyoihifadhi kichwani. Mkuu wa shimo, ambaye watu wa machimbo humwita PDG, ana daftari la madeni ya chakula, tochi na vifaa alivyowakopesha vijana wake. Mchuuzi wa madini, yaani negosiyan, ana kitabu cha bei. Wakala wa serikali ana fomu yenye muhuri. Na mwenye ghala mjini ana vitabu vya kusafirishia mali ng'ambo. Kwa hiyo mtu anenaye kwamba amekuja kuleta mageuzi ya kidijitali katika nchi hii hana budi kufahamu kuwa hakuja mahali pasipo na maandishi, bali amekuja mahali ambapo maandishi ni mengi, na kila andiko lina mwenyewe anayelilinda.

Elimu ya kuongoza mabadiliko katika taasisi, kama inavyosomeshwa leo katika vyuo vya biashara, ilizaliwa mbali na milima hii. Kurt Lewin, mwanasaikolojia mzaliwa wa Mogilno aliyehamia Marekani, alieleza mwaka 1947, mwaka ule ule aliofariki, kwamba badiliko katika kundi la watu hupita vituo vitatu: kuyeyusha mazoea ya zamani, kuhamia katika hali mpya, kisha kuigandisha hali hiyo ili watu wasirudi walikotoka. John Kotter wa Chuo Kikuu cha Harvard akazipanga mwaka 1996 hatua nane mashuhuri, ya kwanza ikiwa kuamsha hisia ya haraka katika nyoyo za watu, na ya pili kuunda umoja wa viongozi wenye nguvu za kulisukuma jambo mpaka mwisho. Fikira hizi si za kudharauliwa, maana zimewafaa watu wengi katika mabenki, viwanda na wizara. Walakini zinachukulia, pasipo kusema, kwamba yupo mwajiri mmoja ambaye amri yake inafika kila meza, kwamba mfanyakazi hupokea mshahara mwisho wa mwezi akipenda badiliko au asipolipenda, na kwamba jengo la kazi litakuwa palepale mwaka ujao. Katika Masisi na Walikale hakuna hata moja katika mambo hayo matatu linaloweza kuchukuliwa kuwa yakini.

Tuanze na Bisie. Kasiteriti, jiwe litoalo bati, ilianza kuchimbwa huko mwaka 2002 au karibu na hapo, na katika muda mfupi mji wa maturubai ukaota katikati ya msitu usiokuwa na barabara. Wachukuzi walibeba mizigo ya kilo hamsini hivi kwa miguu, kwa njia ya matope, mpaka Njingala. Kutoka hapo mzigo ulifikishwa Kilambo, ambako kipande cha barabara ya lami kilitumiwa kuwa kiwanja cha ndege, na ndege ndogo zikaruka nao kwenda Goma. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kasiteriti yote ya Kivu ya Kaskazini ilitoka hapo. Njiani palikuwa na vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na kodi yake. Askari wenyewe, ambao kwa miaka mingi walikuwa mabwana wa machimbo, walijua vyema ni mizigo mingapi imepita na ni kiasi gani kimelipwa. Hesabu haikukosekana kamwe. Iliyokosekana ni hesabu moja ambayo mchimbaji, mchuuzi, serikali na mnunuzi wa mbali wangeweza kuitazama pamoja na kuikubali.

Haja ya hesabu hiyo haikuzaliwa Walikale. Julai 2010 Rais Obama alitia saini sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaliyoorodheshwa katika masoko ya hisa ya Marekani yaeleze kama bati, tantali itokanayo na koltani, tangsteni na dhahabu yanazozitumia zinatoka Kongo au kwa majirani zake. Miezi miwili baadaye Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi Machi 2011. Hapo ndipo hatua ya kwanza ya Kotter ilipotimizwa kwa namna ambayo mwenyewe hakuikusudia: hisia ya haraka iliamshwa kweli, lakini iliamshwa kwa njaa. Biashara ikadorora, karo za watoto zikakosa wa kuzilipa, na wanunuzi waliobaki wakataja bei waitakayo. Watu walielewa kwamba dunia imegeuka. Hawakuelewa kwamba wao wana sehemu yoyote katika kugeuka huko zaidi ya kutii. Badiliko linaloingia kwa mlango huo hupata utii wa mchana, na usiku mali hutafuta njia nyingine.

Utaratibu wa lebo ulipofika Masisi mwaka 2014, chini ya mpango wa viwanda vya bati uitwao iTSCi, ulikuta watu wenye kumbukumbu hiyo. Itazame kazi yenyewe kwa karibu. Gunia hufikishwa mahali pa kupimia na kutundikwa. Wakala wa serikali, aghalabu wa SAEMAPE, idara ya kuwasaidia wachimbaji wadogo ambayo hadi mwaka 2017 iliitwa SAESSCAM, husoma uzito. Lebo ya plastiki yenye namba ya pekee na mistari ya kusomwa kwa mashine hupitishwa shingoni mwa gunia na kukazwa, nayo haifunguki ila kwa kukatwa. Namba huandikwa kwa kalamu katika daftari pamoja na tarehe, mahali lilikochimbwa na kilo. Likifika ghala la negosiyan madini husafishwa, hukaushwa na kupimwa mara ya pili, na kwa kuwa jiwe lililokauka si zito kama lililotoka mtoni, kilo hupungua. Lebo ya pili hufungwa, daftari la pili huandikwa. Nakala za kurasa husafiri mpaka Goma, huingizwa katika kompyuta, na hatimaye hulinganishwa na watu walioko ng'ambo, ambao kwao shimo la Masisi ni safu ya tarakimu.

Ni kazi ya adabu na subira, na wengi walioifanya waliifanya kwa uaminifu. Lakini jiulize: katika safari hiyo yote ya tarakimu, ni ipi iliyomrudia mchimbaji? Ada ya mpango ilitozwa kwa kila tani na kulipwa na wafanyabiashara wa huku, ambao walikuwa na njia moja nyepesi ya kuirudisha, nayo ni kumpunguzia bei aliye chini yao. Huyu wa chini hakupewa karatasi ya uzito wake, wala hakuelezwa kile ambacho daftari lilikuwa limesema juu ya shimo lake kwa mwaka mzima. Alitakiwa alete gunia, atazame lebo ikikazwa, aende zake. Huo si upungufu wa kalamu wala wa plastiki, na kwa sababu hiyo haukuweza kuponywa na simu.

Simu nayo ilikuja. Kampuni ya SMB, iliyokuwa na haki ya kuchimba katika sehemu kubwa ya vilima vya Rubaya, iliuacha mpango wa iTSCi, na tangu mwanzo wa 2019 ikaingia katika mpango mwingine, wa RCS Global, uliojengwa juu ya taarifa zinazokusanywa kwa vifaa vya kidijitali na kupelekwa kwa mtandao badala ya kurasa zinazosafiri kwa gari. Kwa macho ya fundi hayo yalikuwa maendeleo ya dhahiri: taarifa ilifika upesi, na ajali ya mgodini au uwepo wa askari mahali pasipostahili ungeweza kujulikana kabla mwezi haujaisha. Lakini jirani na SMB palikuwa na ardhi ya kampuni ya serikali, SAKIMA, ambako lebo za iTSCi ziliendelea kufungwa. Na wachimbaji wa chama cha ushirika cha COOPERAMMA, ambao kwa mapatano ya 2013 walipaswa kuiuzia SMB, walikuwa wakilalamika mara kwa mara kwamba malipo yanachelewa. Basi vikawa vilima viwili vinavyotazamana, kila kimoja na utaratibu wake wa kweli, na baina yao mwendo wa mtu mwenye gunia. Aprili 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti iliyodai kwamba madini ya kilima kimoja yalipewa lebo za kingine, na kwamba hata madini ya machimbo yasiyoruhusiwa yalipitishwa humo; iTSCi iliyakanusha madai hayo. Mimi sina haja ya kuhukumu shauri hilo ili kuliona lililo wazi: mtu mwenye gunia huamua njia yake kwa bei na kwa siku ya malipo, si kwa ubora wa programu.

Wapo wanaosema kwamba watu wa machimbo ni wazito wa kupokea mambo mapya, na kwamba kinachohitajika ni mafunzo na uhamasishaji. Hoja hii imekuwa kipenzi cha semina nyingi, nami naiona si ya haki. M-Pesa ya Vodacom ilianza Kongo mwaka 2012, na mitandao mingine ikawa na fedha zake za simu. Hakuna aliyewapeleka vijana wa Rubaya, au wa Mubi wilayani Walikale, darasani kujifunza kutuma pesa kwa mama zao. Walijifunza wao kwa wao, kibandani, mbele ya wakala mwenye mwavuli, kwa sababu anayebonyeza namba ndiye anayeona faida palepale. Na Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafunga milango, fedha za simu ndizo zilizobaki kuwa mshipa wa maisha ya watu wengi. Everett Rogers, aliyeandika mwaka 1962 juu ya kuenea kwa mambo mapya, na ambaye fikira zake zilikomaa kwa kuwachunguza wakulima wa Iowa wasiokuwa na meneja wa kuwaamrisha, angalifaa kusomwa Masisi kuliko Lewin na Kotter: alisema kwamba watu hupima kwanza kama jambo jipya lina nafuu kwao kuliko la zamani, kama linaweza kujaribiwa kwa kiasi kidogo, na kama matokeo yake yanaonekana kwa macho. Wahenga wetu walikwisha kuyafupisha haya waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tena upo mfano mwingine, katika wilaya hizo hizo, unaostahili kutazamwa na kila anayetaka kupeleka kompyuta mahali pagumu. Nao ni wa hesabu za afya. Masisi ina kanda nne za afya, Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi. Walikale nayo ina nne, Walikale, Pinga, Kibua na Itebero. Kila kituo cha afya kina muuguzi mkuu ambaye huandika wagonjwa katika rejista ya karatasi na mwisho wa mwezi hujaza fomu ya jumla: malaria wangapi, waliozaa wangapi, chanjo ngapi, vifo vingapi. Katika miaka ya 2010 wizara ya afya ya Kongo iliingiza DHIS2, programu iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kutokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Waliofanya mageuzi hayo hawakujaribu kuifuta karatasi. Kwa kawaida mashine ilisimama katika ofisi kuu ya kanda, penye umeme wa jua na mtu wa kuingiza takwimu, na kutoka hapo kushuka chini fomu iliendelea kusafiri kwa pikipiki au kwa miguu. Wenye haraka huiita hali hiyo mageuzi nusu. Kwa maoni yangu ni busara, maana rejista ya karatasi haizimiki betri, haihitaji mnara wa simu, na kituo kinapohama usiku kwa sababu ya risasi, muuguzi huweza kuitia kwapani.

Lililo kubwa zaidi ni mkutano wa kila mwezi, ambapo wauguzi wa vituo huitwa kwenye ofisi ya kanda na tarakimu zao husomwa mbele yao. Anayesema ametibu malaria nyingi kuliko dawa alizopokea huulizwa; aliyeona surua ikipanda husikilizwa; na hesabu ya mwezi huu inahusika na dawa na chanjo atakazopata mwezi ujao. Kwa njia hiyo namba iliyoandikwa Pinga au Katoyi humrudia mwandishi wake ikiwa na maana. Sisemi kwamba utaratibu huu umekamilika. Kongo haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984, hivyo kila asilimia ya chanjo husimama juu ya makadirio. Na vita vinapowahamisha maelfu kutoka kanda moja kwenda nyingine, kituo kilichopokea wakimbizi huonekana kimechanja zaidi ya watoto wote kilio nao, ilhali kilichoachwa tupu huonekana kimezembea. Kompyuta haijui kwamba watu wamekimbia. Muuguzi anajua, na bila mkutano ule hakuna mahali pa kulisema jambo hilo.

Hapa ndipo fundisho la Lewin la kugandisha linapogonga mwamba. Tarehe 30 Aprili 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti baadaye kwamba waasi walijiwekea utawala wao wa madini, wakatoa vibali kwa wachimbaji na wachuuzi, wakatoza kodi, na kwamba tani zisizopungua 120 za koltani zilikuwa zikipelekwa Rwanda kila mwezi na kuchanganywa na mali ya huko. Februari 2025 serikali ya Kinshasa iliitia migodi kadhaa ya Masisi, na ya Kalehe katika Kivu ya Kusini, katika rangi nyekundu, maana yake madini yake hayaruhusiwi kuuzwa. Mwezi uliofuata M23 ikaingia mji wa Walikale, kisha ikaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kampuni ya Alphamin, ambayo tangu 2019 inachimba kwa mitambo katika Bisie ileile ya wachukuzi na kutoa takriban asilimia sita ya bati yote inayochimbwa duniani, ilisimamisha kazi Machi na kuirudia Aprili. Alphamin ni taasisi ya namna ile ile iliyo katika vitabu: ina mishahara, ngazi za uongozi, na lango la kufungwa na kufunguliwa, na mabadiliko yake ya kidijitali yanaweza kuongozwa kwa hatua nane za Kotter bila taabu kubwa. Hata yenyewe iligundua kuwa ardhi haigandi.

Kwa hiyo anayetaka kuirekebisha elimu hii ifae Kivu aanze kwa kukubali kwamba utaratibu wake utakatizwa, na aubuni uweze kusimama na kuanza tena bila aibu. Programu ifanye kazi pasipo mtandao na itume baadaye. Karatasi ibaki kuwa ndugu wa simu. Na penye zana tatu za kununuliwa, ya kwanza iwe mizani nzuri iliyokaguliwa, ambayo uso wake unaelekea kwa mwenye gunia. Wakala anayesoma mizani hiyo alipwe. Nalisisitiza hili kwa sababu tangu zamani limesemwa na kupitwa: mtumishi asiyepata mshahara kwa miezi, akipewa simu ya kisasa, ataitumia kuandika upesi yale yale aliyokuwa akiandika polepole, na kosa lililokuwa likikaa daftarini litafika Ulaya jioni ile ile likiwa na sura ya ukweli. Mafunzo yatolewe kwa Kiswahili, kwa kuwa watu hujadiliana bei, deni na hatari kwa Kiswahili, nazo fomu zimeandikwa kwa Kifaransa ambacho mchimbaji hukitia saini bila kukisoma.

Umoja wa viongozi anaoutaka Kotter nao upatikane, ila usitafutwe ofisini tu. Katika Masisi na Walikale mwami, yaani chifu wa jadi, ana neno, ushirika una neno, PDG ana neno kuliko wote wawili katika shimo lake, na wanawake wanaosafisha na kuchambua mawe wana maarifa ya uzito na ubora ambayo hayajaingizwa katika fomu yoyote. Kadhalika watajwe wazi wale watakaopoteza: mlinzi wa kizuizi, dalali anayeishi kwa tofauti ya mizani mbili, mkubwa anayelipwa ili asione. Vitabu humwita mtu wa namna hii mpinzani wa mabadiliko na kushauri aelimishwe. Amekwisha kuelimika, anajua barabara anachokipoteza, na pasipo kumpangia jingine au kumwondolea nguvu kwa sheria, atausubiri mradi uishe.

Lakini si kila anayekataa kuandikwa ni wa kundi hilo, na hapa nawaomba mafundi wanisikilize kwa makini. Orodha ya majina, simu na makazi ya watu, katika nchi ambayo jina la mtu hutaja kabila lake na kilima kinaweza kubadilisha bwana kwa usiku mmoja, ni kitu cha kuogofya. Kijana anayetoa jina la uongo mbele ya kifaa cha kuandikishia huenda hajaribu kumwibia yeyote; anajihami. Kongo ina Sheria ya Kidijitali tangu Machi 2023, nayo inazungumzia hifadhi ya taarifa za watu binafsi, lakini sheria iliyoko Kinshasa haikuweza kusimama langoni mwa ofisi ya Rubaya siku ile ya Aprili. Taarifa isiyohitajika isikusanywe. Inayohitajika ihifadhiwe kwa namba badala ya jina, na pawepo mtu aliyeteuliwa, mwenye amri ya kuifuta kabla ya kukimbia.

Siku ambayo madini ya Masisi yatarudi katika biashara ya halali, kwa mapatano yoyote yatakayofikiwa, mipango mipya itakuja kwa wingi, na kila mmoja utakuwa na programu yake. Kabla ya lebo ya kwanza kufungwa, ushirika wa wachimbaji udai mambo mawili kwa maandishi: kwamba kila mwenye gunia apewe papo hapo risiti au ujumbe wa simu unaotaja kilo zake na bei ya siku, na kwamba nakala kamili ya hesabu ya kila mwezi ibaki Rubaya, katika mikono ya wale walioitoa ardhini, isomwe mbele yao kama zinavyosomwa hesabu za malaria za Katoyi na Kirotshe. Mpango utakaoyakataa mawili hayo uambiwe usubiri.